Sarufi ya Kiingereza Barazani: Mfano wa Pinga

Huko Pinga, mpakani mwa Masisi na Walikale, vita vimewahamisha watu mara kadhaa, na mtoto aliyekosa darasa huenda akasomea nyumbani pamoja na wadogo zake. Kiingereza nacho kimepata uzito mpya tangu Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Je, kifundishwe kwa lugha gani?

Mazoea yetu ni kueleza sarufi yake kwa Kifaransa. Kasoro ya mtindo huu ni dhahiri: mtoto wa miaka saba hulazimika kuvuka lugha moja ya kigeni ili aifikie nyingine. Ilhali sentensi "Mama analima" yatosha nyumba nzima. Mdogo ataitamka kwa Kiingereza. Wa kati atatambua kuwa kiambishi a- hakibagui jinsia, bali Kiingereza humtaka achague "he" au "she". Mkubwa ataona kwamba -na- yaweza kubeba tendo linaloendelea na lile la kawaida, mambo ambayo Kiingereza huyatenga.

Watetezi wa Kifaransa watasema kuwa ndicho lugha ya shule. Ni kweli, lakini kukariri istilahi si kuelewa. Aidha, sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia.

Lawama yatuangukia kwanza sisi wanaisimu: twachambua viambishi katika semina, hali mzazi barazani hana mwongozo mkononi.