Basi Kuukuu, Nati Mpya

Marekani na Kanada kuna watu wanaonunua mabasi ya masafa marefu yaliyokwisha kustaafu, wakang'oa viti na kuweka kitanda, jiko na tangi la maji. Wapo wanaopenda GMC PD-4106 ya miaka ya mwanzo ya 1960, wapo wa MCI MC-9, wapo wa Eagle iliyoundwa Brownsville, Texas, na wenye mfuko mzito huchukua Prevost ya Quebec. Injini ya Detroit Diesel ikileta matata, fundi na spea bado vinapatikana. Kasheshe huanzia kwenye kitu kidogo: boliti ya tairi imekatika, mwenye basi yuko kaunta ya duka la spea za malori, na muuzaji anataka kujua rimu zake ni za mfumo gani.

Hapo ndipo mjuzi anapoachana na mnunuzi wa kawaida. Mnunuzi wa kawaida hutazama nati inavyong'aa. Mjuzi huanza na rimu.

Mifumo ni miwili. Ule wa zamani, ambao Wamarekani huuita Budd kwa jina la kampuni ya Philadelphia iliyouvumisha, huiweka rimu katikati kwa kutumia nati zenyewe. Matundu ya rimu yamechongwa mdomo wa mviringo, na kila nati ina uso wa mviringo unaokaa humo. Nyuma, kwenye tairi pacha, kila boliti hubeba nati mbili: ya ndani, ambayo ni kama kofia ndefu yenye thredi ndani na nje na kichwa cha skwea cha inchi 13/16, hushika rimu ya ndani, kisha nati ya nje ya inchi moja na nusu hufungwa juu yake na kushika rimu ya pili. Upande wa kushoto wa gari thredi ni za kinyume, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze nati. Fundi aliyewahi kufungua tairi la nyuma la lori la zamani la Isuzu au Fuso huko Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi, maana Wajapani nao walishika njia hiyohiyo kwa miongo mingi.

Mfumo wa pili huikalisha rimu juu ya habu yenyewe. Matundu hayana mdomo, nati ni moja tu kwa kila boliti, ina sahani bapa inayozunguka peke yake, na thredi ni za kulia pande zote mbili za gari.

Kinachowaponza watu ni kwamba mifumo yote miwili ya Kimarekani ina matundu kumi, na duara la boliti ni lilelile la milimita 285.75. Kwa hiyo rimu ya mfumo mmoja inaweza kuingia kwenye habu ya mwingine na kuonekana imekaa sawasawa. Haijakaa. Tundu la mfumo wa zamani lina upana wa zaidi ya milimita 30, la mfumo mpya lina kama 26. Nati bapa ikifungwa juu ya tundu lenye mdomo hugusa ukingo tu, na nguvu ya kubana hupungua kila kilomita. Basi kongwe limepita mikononi mwa wengi, na si ajabu kukuta ekseli moja ina mfumo huu na nyingine ule. Kila gurudumu likaguliwe peke yake.

Mtego mwingine ni wa thredi. Boliti za mfumo mpya mara nyingi ni za milimita 22 kwa hatua ya 1.5, lakini kuna za awali za inchi 7/8, ambayo ni milimita 22.2, zenye thredi 14 kwa inchi. Kwa macho ni mapacha. Nati ya moja hushika thredi za mwenzake mzunguko mmoja au miwili, kisha hugoma, na mwenye haraka huitia mashine ya upepo na kuua thredi zote mbili. Geji ya thredi ni ya bei ndogo na haikosei.

Boliti iliyochoka nayo hujitangaza. Nati mpya izungushwe kwa vidole kuanzia ncha hadi shinani. Ikipita laini kisha ikabana katikati, boliti imevutika na haifai, hata kama haina kutu. Michirizi ya kutu inayotoka kwenye matundu ya rimu ni ushahidi kwamba kuna nati iliyokuwa ikicheza, na mara nyingi tundu lake limekwisha kuwa yai. Rimu hiyo haina dawa. Boliti moja ikikatika, za kulia na kushoto kwake hubadilishwa pamoja nayo. Zikikatika mbili au zaidi, hung'olewa zote kumi.

Kuhusu kromu, ushauri wa kweli ni kuiogopa. Utandu wa kromu ukiwa kwenye uso wa nati unaokaa kwenye rimu, hubanduka taratibu na kuacha nafasi. Anayetaka urembo anunue nati za chuma cha kawaida, kisha azivalishe vifuniko, na avivue mara kwa mara kutazama kilichofichwa.

Rimu za alumini, ambazo Alcoa ilianza kuzitengeneza mwaka 1948, ni nene kuliko za chuma. Anayebadilisha hulazimika kununua boliti ndefu zaidi kwenye mfumo mpya, au nati za ndani ndefu zaidi kwenye ule wa zamani. Muuzaji asiyeuliza unene wa rimu hajui anachouza.

Kukaza ni futi-pauni 450 hadi 500 kwa mfumo wa zamani na kwa boliti za milimita 22 za mfumo mpya, lakini thredi za mfumo wa zamani huachwa kavu, ilhali za mfumo mpya hupewa tone la mafuta, na jingine kati ya nati na sahani yake. Baada ya kilomita 80 hadi 160 hukazwa tena. Kwenye nati mbilimbili, ya nje hulegezwa kwanza, ya ndani ikakazwa, kisha ya nje ikarudishwa. Anayekaza ya nje peke yake hajaigusa kabisa rimu ya ndani.