Maneno ya Idadi na Mipaka ya Kishazi: Uhakiki wa Sarufi ya Quirk na Wenzake

Kitabu cha Randolph Quirk, Sidney Greenbaum, Geoffrey Leech na Jan Svartvik, A Comprehensive Grammar of the English Language, kilichochapishwa na Longman mwaka 1985, si kazi ya kupuuzwa. Kina kurasa zaidi ya 1,700, na nyuma yake upo uchunguzi wa matumizi ya Kiingereza ulioanzishwa na Quirk mwaka 1959. Mwalimu wa sarufi ya Kiswahili hushawishika kukifanya ghala la istilahi. Kwa ajili hiyo chafaa kuhakikiwa, si kwa yale kisemayo juu ya Kiingereza, bali kwa namna mgawanyo wake unavyohamishwa.

Kuhusu kitenzi, waandishi hao wana hadhari ya kutosha. Wanashikilia kwamba Kiingereza kina njeo mbili tu za kimaumbo, ya wakati uliopo na ya wakati uliopita. Wakati ujao huelezwa kwa vitenzi visaidizi na njia nyinginezo. Uamuzi huo umetokana na umbo la neno, si maana yake. Atakayeiga utaratibu huo, badala ya matokeo yake, ataona mara moja kwamba "-ta-" ya Kiswahili ni njeo kamili, kwa kuwa hukaa pale pale zikaapo "-li-" na "-na-". Hapo kitabu kinafundisha vyema.

Tatizo limo katika maneno ya idadi na kiasi. Waandishi wamevipanga vibainishi katika nafasi tatu mbele ya nomino: "all" na "both" hutangulia, "every" na "no" hukaa katikati pamoja na "the", kisha hufuata "many" na "few". Huo ni mgawanyo wa mpangilio wa maneno tu, nao haufai kwa Kiswahili, ambamo "-ote", "-ingi" na "-chache" huja baada ya nomino na kupatana nayo. "Kila", neno lenye asili ya Kiarabu, hutangulia nomino wala halichukui kiambishi cha ngeli.

Lakini suala la nafasi ni dogo. Kubwa ni lile la "no". Katika "No student came" ukanushi umo ndani ya kirai nomino, na kitenzi kimebaki yakinishi. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo. Husemwa "Hakuna mwanafunzi aliyekuja", sentensi yenye kitenzi kanushi na kishazi cha urejeshi; au "Hakuja mwanafunzi yeyote", ukanushi ukiwa kitenzini. Zaidi ya hayo, asemaye "Wanafunzi wote hawakuja" hueleweka na wengi kuwa anadai hakuja hata mmoja. Akitaka kusema kwamba baadhi walikuja na baadhi hawakuja, atasema "Si wanafunzi wote waliokuja". Neno moja la idadi limebadili muundo wa sentensi nzima.

Hata katika Kiingereza ua huu una matundu. Matumizi ya "any" hutegemea ukanushi na swali, na ndiyo maana waandishi walilazimika kuyarudia maneno haya walipojadili ukanushi katika sura ya sentensi sahili. Wao walilijua jambo hilo. Wanaoazima majedwali yao ndio walisahauo. Sarufi ya Kiswahili inayoiweka "-ote" miongoni mwa vivumishi, ikafunga sura, kisha ikafungua urejeshi mbali huko mbele, haitakuwa na mahali pa kuieleza "Si wanafunzi wote waliokuja".

Linabaki swali la hiyo "si". Kigezo cha Kiingereza cha kitenzi chenye njeo hakisaidii, kwani "si" haina njeo. Ushahidi uko upande wa yakinishi: husemwa pia "Ni wanafunzi wote waliokuja". Basi "si" ni kitenzi kishirikishi kama "ni", na pale Kiingereza kilipo na kishazi kimoja, Kiswahili kina viwili.