Watoto Waliopotea Daftarini: Andiko la Kuomba Uzamivu wa Elimu Linavyojengwa

Ukifungua rasimu ya mwalimu wa kwetu anayeomba nafasi ya uzamivu katika sera ya elimu, hukosi kukuta kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, kwamba mwombaji amezaliwa katika familia ya wakulima, na kwamba alitembea kilomita nyingi kwenda shule. Huenda yote ni kweli. Lakini msomaji akifika mwisho wa ukurasa anakuwa ameshamjua mwombaji kidogo, na bado hajui ni kitu gani hasa mtu huyu anataka kukichunguza.

Anayelisoma andiko hilo katika vyuo vya Marekani ni profesa. Ni mwezi wa kwanza au wa pili, mbele yake kuna lundo la maombi yaliyofungwa Desemba, na kitivo chake kitachukua watu wachache mno. Yeye mwenyewe huenda akapata mwanafunzi mmoja, au asipate kabisa. Hatafuti mtu wa kumhurumia, wala hatafuti mwalimu bora wa mwaka. Anatafuta mtu wa kufanya naye kazi miaka mitano au zaidi, ambaye ada, posho na bima yake ya afya vitatoka chuoni. Kwa hiyo anasoma akiwa na shauku ya jambo moja: huyu anajua kuuliza swali linaloweza kujibiwa?

Nitaonyesha kazi yenyewe kwa mfano. Aya ifuatayo nimeitunga, ila yeyote aliyewahi kuombwa "nipitishie macho kidogo" ataitambua. Naiweka kwa Kiswahili ingawa maombi yenyewe huandikwa kwa Kiingereza:

"Kwa miaka saba nimefundisha shule ya msingi kijijini, ambako nimeshuhudia changamoto nyingi zikiwemo uhaba wa walimu, vitabu na madawati, utoro na mwamko mdogo wa wazazi. Changamoto hizi zimenipa ari ya kujiendeleza katika chuo chenu chenye sifa duniani, ili nirudi kuchangia maendeleo ya taifa langu."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Ila aya hii inaweza kusainiwa na mwalimu wa Kasulu, wa Kitui au wa Gulu bila kubadilisha hata neno. Orodha ya changamoto ni mtindo tuliorithi kwenye semina na taarifa za miradi, ambako kadiri unavyotaja matatizo mengi ndivyo unavyoonekana umefanya kazi. Kwa mtafiti mambo ni kinyume. Aliyetaja matatizo matano hajachagua hata moja. Na sifa za chuo hazina faida: profesa anajua anafundisha wapi.

Sasa tuseme mwalimu huyuhuyu, kwenye ukurasa wa pili, ameandika kwa kupitia tu kwamba mwaka mmoja shule yao ilishika mkia wilayani, na mwalimu mkuu akaagiza wanafunzi wasiojua kusoma wasipandishwe darasa la saba. Amekiandika kama kisa cha pembeni, kisha akarudi kwenye madawati. Andiko lake lote limo ndani ya sentensi hiyo. Likisukwa upya, linaanza hivi:

"Shule niliyofundisha ilipotangazwa kuwa ya mwisho wilayani, wanafunzi 11 waliokuwa kwenye daftari la mahudhurio la darasa la sita hawakuwemo kwenye daftari la darasa la saba mwaka uliofuata. Hakuna aliyehama. Kiwango chetu cha ufaulu kilipanda, na tulipongezwa."

Sentensi tatu fupi, na tayari profesa ameketi vizuri. Kuna tukio, kuna kipimo, kuna dhana ya sababu na matokeo: shule ikibanwa kwa nafasi yake, inaweza kupandisha ufaulu kwa kufundisha zaidi au kwa kupunguza watahiniwa. Mwalimu ameona ndani ya ofisi ya walimu kitu ambacho takwimu za wizara hazikionyeshi kwa urahisi. Hicho ndicho anachokuja nacho mezani, na hakuna mwombaji wa Boston atakayekuwa nacho.

Kwamba swali la aina hii lina uzito si nadharia tupu. Mwaka 2013 Tanzania ilianzisha mpango wa serikali ulioitwa Matokeo Makubwa Sasa, na upande wa elimu shule zikaanza kupangwa hadharani kwa nafasi, kitaifa na ndani ya wilaya. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichukua matokeo ya shule za msingi za nchi nzima, ya 2011 hadi 2016, wakatazama shule zilizo juu na zilizo chini katika wilaya zao zilivyobadilika kabla na baada ya mpango ule. Ujanja wao ni wa kuigwa. Hawakulinganisha shule nzuri na mbaya, maana hizo zilitofautiana tangu zamani. Walilinganisha mabadiliko ya kundi moja na mabadiliko ya kundi jingine, wakitumia ukweli kwamba presha ya kuaibishwa huiangukia zaidi shule ya mkiani kuliko iliyo kileleni. Makala yao ilitoka mwaka 2021 katika Journal of Human Resources. Shule za chini kabisa katika wilaya zao ziliinua matokeo. Vilevile shule ziliwaondoa baadhi ya wanafunzi katika mwaka wa mwisho.

Hapo mwombaji wetu anaweza kukata tamaa: kumbe wameshaandika! Wengi hufanya hivyo, au huficha makala kama hiyo wakiomba Mungu isijulikane. Ni hesabu mbaya. Kamati ya udahili inamjua Mbiti, na kuficha kunaonyesha tu kwamba hujasoma. Makala iliyokutangulia ndiyo ngazi yako. Kinachotakiwa ni kuonyesha ilipoishia.

Nayo ilipoishia panaonekana. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Basi swali la mwalimu linajitokeza lenyewe: presha ilipopunguzwa juu, watoto walirudi kwenye daftari la darasa la saba, au halmashauri na waratibu kata waliendelea kupanga shule zao kimyakimya kwenye vikao vya tathmini? Mwalimu aliyekaa kwenye vikao hivyo anajua kwamba nafasi ya shule haihitaji tangazo la Dar es Salaam ili iumize.

Halafu inakuja sentensi ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha maombi yanayokubaliwa na yanayowekwa pembeni: ile ambamo mwombaji anataja kitakachoweza kuharibu jibu lake. Kulinganisha kabla na baada ya 2023 kuna mtego. Januari 2016, michango ya wazazi ilipopigwa marufuku chini ya elimu bila ada, watoto wengi mno waliandikishwa darasa la kwanza. Piga hesabu ya madarasa: kundi lile lilifika darasa la saba mwaka 2022. Kwa hiyo tangazo la 2023 liliangukia pale pale ambapo idadi ya watahiniwa ilikuwa inabadilika kwa sababu nyingine kabisa, bila kusahau kwamba watoto haohao walikaa nyumbani kuanzia Machi hadi Juni 2020 kwa ajili ya korona. Mwombaji akiandika hayo kwa sentensi mbili, kisha akapendekeza kulinganisha shule zilizokuwa mkiani na zilizokuwa katikati badala ya mwaka na mwaka, amefanya kazi ambayo wengine wangeifanya mwaka wa pili wa masomo. Hata pendekezo lenyewe likiwa na dosari, si neno. Hakuna atakayemfungia kwenye swali hilo. Wengi hubadilisha mada wakishafika. Linalopimwa ni namna anavyofikiri.

Wapo wasiopenda namba, na hawana sababu ya kujilazimisha. Swali hilohilo linaweza kuchunguzwa kwa kukaa shuleni: nani anaamua mtoto akariri darasa, mzazi anaambiwa nini, mtoto anakwenda wapi. Frances Vavrus aliandika kitabu kizima, Desire and Decline cha mwaka 2003, kutokana na kuishi na kutazama elimu ya Kilimanjaro kwa namna hiyo. Ila njia hizi mbili zina milango tofauti. Pale Harvard, kwa mfano, uzamivu wa elimu una michepuo mitatu. Mmoja ni wa sera na tathmini ya programu, ambako uchumi na takwimu ndiyo lugha ya kila siku, na mwingine ni wa utamaduni, taasisi na jamii. Andiko zuri likipelekwa mchepuo usio wake litakataliwa na watu waliolipenda. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya andiko hutaja maprofesa wawili au watatu na kusema wazi mbinu gani utajifunza kwao na kwa swali lipi. "Navutiwa sana na kazi yake" haitoshi.

Vyeti na alama nitavipitia haraka, isipokuwa kitu kimoja. Mwenye digrii ya Kenya ana alama za asilimia, na 70 kwake ni A. Mmarekani aliyezoea 90 kuwa A akiona 66 anadhani mtu huyu ameponea chupuchupu, kumbe ana daraja la pili la juu. Wa Dar es Salaam ana tatizo la upande wa pili: wastani wake ni wa kipimo cha 5, na 3.6 yake ikisomwa kwa kipimo cha 4 inapendeza kuliko ilivyo, hadi atokee mtu wa kuhoji. Usigeuze mwenyewe. Andika alama kama zilivyo pamoja na kipimo chake, na mwombe mhadhiri aseme kwenye barua yake ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi.

Na hizo barua, tatu kwa kawaida, ndizo zinazowaangusha wengi. Waombaji wetu hupenda vyeo: mkurugenzi wa halmashauri, mheshimiwa mbunge, afisa elimu mkoa. Barua ya mkubwa asiyekufahamu husema wewe ni mchapakazi na mwaminifu, basi. Mhadhiri aliyesimamia tasnifu yako na anayekumbuka ulivyobishana naye kuhusu sampuli ana thamani kuliko waheshimiwa wote hao. Kuna pia ile desturi ya "andika mwenyewe, nitasaini". Barua tatu zenye sauti moja hutambulika kirahisi mno. Dokta akikuambia hivyo, mpelekee ukurasa mmoja wa mambo ya hakika, yaani mada ya tasnifu, alama, ulichokusanya, tarehe ya mwisho, kisha mwachie aandike kwa maneno yake, na umkumbushe kwa adabu bila kuchoka.

Hesabu ya fedha ndiyo inayopaswa kuamua unaomba wapi, na wengi huipiga kichwa chini. Marekani, uzamili wa sera ya elimu ni wa mwaka mmoja au miwili na kwa kawaida mwanafunzi anajilipia, makumi ya maelfu ya dola. Ufadhili mnono uko kwenye uzamivu, na vyuo vingi vinakubali mwenye shahada ya kwanza tu. Uingereza ni tofauti: uzamivu kwa kawaida hudai uzamili kwanza, pamoja na pendekezo kamili la utafiti na msimamizi uliyezungumza naye kabla, huku ufadhili wa Chevening na ule wa Jumuiya ya Madola ukilipia uzamili. Chevening inataka saa 2,800 za kazi, ambazo mwalimu wa miaka miwili anazo, na inakutaka urudi nyumbani kwa miaka miwili. Asiye na uzamili wala mafunzo ya takwimu angefanya vyema kuanzia huko London au Sussex, au hapa nyumbani, kabla ya kupeleka jina lake Stanford.

Hali ya sasa Marekani nayo isipuuzwe. Mapema 2025 serikali ilifuta mikataba ya utafiti wa elimu yenye thamani ya karibu dola milioni 900 iliyokuwa chini ya taasisi ya shirikisho ya sayansi za elimu, na ikapunguza sana watumishi wake. Shirika la USAID, lililokuwa likilipia tathmini nyingi za elimu Afrika, likavunjwa mwaka huohuo. Vitivo kadhaa vimebana nafasi. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi, ambayo mara nyingi ni kati ya dola 75 na 125 kwa chuo na wakati mwingine husamehewa ukiomba msamaha huo mapema, mwandikie profesa mistari minne: wewe ni nani, swali lako, makala yake iliyokufikisha hapo, na kama anapokea mwanafunzi mwaka huu. Asipojibu usikasirike.

Majibu hutoka Februari na Machi. Vyuo vingi vya Marekani vimekubaliana kwamba mwenye ofa ya ufadhili ana hadi tarehe 15 Aprili kuamua, hivyo anayekushinikiza usaini kabla ya hapo anakuharakisha bure. Katika barua ya ofa angalia miaka mingapi imehakikishwa, saa ngapi kwa wiki utafundisha au kusaidia utafiti, na zaidi ya yote kama posho ni ya miezi 9 au 12. Ikiwa ni 9, waandikie ofisi ya kitivo uwaulize wanafunzi wa nje hulipwaje kuanzia Juni hadi Agosti, na uhakikishe jibu limekuja kwa maandishi.