Biblia na Sauti Zake: Kwa Nini Yaonekana Kujipinga

Neno "Biblia" liliingia katika Kiswahili likiwa limekwisha kubadilika. Katika Kigiriki lilikuwa la wingi, likimaanisha vitabu. Kilatini cha zama za kati kililifanya umoja, lugha za Ulaya zikafuata, na Kiswahili kikalipokea likiwa jina la kitu kimoja. Ndiyo maana Mswahili husema "Biblia inasema", kana kwamba ni mtu mmoja anayezungumza. Badiliko hilo la sarufi limebeba sehemu kubwa ya tatizo linalojadiliwa katika makala haya. Anayedhani kwamba anamsikiliza msemaji mmoja hushtuka akisikia kauli mbili. Anayejua kwamba ameingia katika maktaba ya vitabu 66 kwa hesabu ya Waprotestanti, au 73 kwa hesabu ya Wakatoliki, vilivyoandikwa kwa Kiebrania, Kiaramu na Kigiriki katika muda wa karne nyingi, hutarajia kauli nyingi. Swali lake huwa jingine: kwa nini waliozikusanya hawakuzisawazisha?

Swali hili si la darasani tu. Mihadhara ya kidini iliyofanyika katika viwanja vya miji ya Afrika Mashariki katika miongo ya mwisho ya karne ya 20 iliwazoesha wasikilizaji utaratibu mmoja. Aya husomwa, nyingine inayoonekana kuipinga ikasomwa, kisha mpinzani akatakiwa kujibu papo hapo. Mshambuliaji husema kwamba kitabu chenye kauli mbili hakiwezi kutoka kwa Mungu. Mtetezi hujibu kwa kuonyesha kwamba kauli hizo, zikipindwa kidogo, ni moja. Wawili hao huondoka wakiamini kwamba wamepingana, ilhali wamekubaliana katika jambo la msingi: kwamba kitabu kitakatifu ni sharti kiwe na sauti moja, na kwamba tofauti yoyote ni aibu ya kufichua au kuficha. Anayeumia ni kijana aliyekaa nyuma yao. Amefundishwa kwamba ufa mmoja unatosha kubomoa nyumba nzima, kisha siku moja akauona ufa kwa macho yake mwenyewe.

Mfano unaofaa kuanza nao umo katika kitabu kimoja cha mwandishi mmoja. Matendo ya Mitume husimulia kuongoka kwa Paulo mara tatu: katika sura ya 9, ya 22 na ya 26. Katika sura ya 9, wasafiri wenzake wanasimama wamepigwa na bumbuazi. Wanasikia sauti lakini hawaoni mtu. Katika sura ya 22, wenzake hao wanaiona nuru lakini hawaisikii sauti ya aliyesema naye. Katika sura ya 26, wote wanaanguka chini, na Anania wa Dameski, ambaye katika masimulizi mawili ya kwanza ndiye anayemrudishia Paulo kuona, hatajwi kabisa.

Watetezi wa upatanifu wamekimbilia sarufi ya Kigiriki. Kitenzi cha kusikia, wanasema, kikifuatwa na nomino katika umbo moja humaanisha kusikia mlio, na kikifuatwa na umbo jingine humaanisha kuelewa maneno. Hoja hiyo haisimami. Masimulizi yale yale yanamwonyesha Paulo mwenyewe akiisikia sauti hiyo kwa umbo moja katika sura ya 9 na kwa umbo jingine katika sura ya 22, naye katika sura zote mbili aliyaelewa maneno aliyoambiwa.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kipekee. Baadhi ya tafsiri za Kiingereza za karne ya 20 ziliuziba ufa huo kwa kuandika, katika sura ya 22, kwamba wasafiri "hawakuelewa" sauti. Tafsiri ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 ilibakiza kitenzi kile kile mahali pote pawili. Nacho "kusikia", katika Kiswahili, ni neno pana. Mtoto "asiyesikia" ana masikio mazima. Asiyesikia la mkuu, ambaye methali yamwahidi kuvunjika guu, alisikia vizuri sana alipoambiwa. Mwenye Biblia ya Kiswahili mkononi na ya Kiingereza katika simu yake, iwe ni Muscat au London, anaweza kuona jinsi neno la nyumbani linavyobeba maana mbili bila ya mfasiri kumchagulia moja.

Hata hivyo, urahisi huo usimlaze msomaji. Luka hakusahau katika sura ya 22 alichoandika katika ya 9. Sura ya 9 ni ya msimulizi. Katika sura ya 22 Paulo anajitetea mbele ya umati wa Wayahudi mjini Yerusalemu, na hapo Anania anatambulishwa kama mtu mcha Mungu kwa kuifuata sheria, anayeshuhudiwa mema na Wayahudi wote wa mji wake. Katika sura ya 26 yuko mbele ya Mfalme Agripa na liwali wa Kirumi, watu ambao sifa hizo za Anania haziwapunguzii wala kuwaongezea kitu. Anania anatoweka, na agizo alilolipitisha kwa Paulo linatoka moja kwa moja katika kinywa cha Kristo. Kila hadhira imepewa tukio lile lile kwa namna inayoihusu. Mwandishi aliyetaka kumbukumbu ya polisi angeandika tukio mara moja na kunyamaza. Luka aliandika mara tatu, na tofauti hizo ni sehemu ya anachokisema.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa kuwa unagusa tabia ya Mungu. Katika 2 Samweli sura ya 24, hasira ya Mungu inawaka juu ya Israeli, na Mungu mwenyewe anamchochea Daudi awahesabu watu. Kisha anawaadhibu kwa tauni kwa sababu ya hesabu hiyo. Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 21, anayemchochea Daudi ni Shetani. Tofauti haziishii hapo. Samweli anahesabu wapiganaji 800,000 wa Israeli na 500,000 wa Yuda. Mambo ya Nyakati ina 1,100,000 na 470,000. Adhabu ya njaa anayopewa Daudi kuichagua ni ya miaka 7 katika Samweli ya Kiebrania, na 3 katika Mambo ya Nyakati. Kiwanja cha kupuria nafaka, ambapo tauni inakoma, kinanunuliwa pamoja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha katika masimulizi ya kwanza. Katika ya pili, mahali hapo panagharimu shekeli 600 za dhahabu.

Walimu wa kale wa Kiyahudi walipatanisha bei hizo kwa kusema kwamba Daudi alichanga shekeli 50 kutoka kila kabila, na makabila yalikuwa 12. Hesabu inakubali, lakini inampokonya msomaji jambo kubwa. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliandika baada ya uhamisho wa Babeli, karne kadhaa baada ya Daudi. Alikuwa na masimulizi ya Samweli mbele yake, na kwa sehemu kubwa aliyafuata neno kwa neno. Kwake yeye kiwanja hicho ndipo lilipojengwa Hekalu la Sulemani, na mahali pa Hekalu hapawezi kununuliwa kwa bei ya shamba. Vilevile hakuweza kuacha, bila kuguswa, sentensi inayomfanya Mungu achochee dhambi na kuiadhibu. Alisahihisha. Badiliko hilo ni ushahidi wa dhamiri iliyosumbuka, ya muumini aliyesoma maandiko ya wazee wake na kuuliza: je, Mungu hutenda hivi? Anayezipatanisha aya hizo kwa kusema kwamba Mungu alimruhusu Shetani amezinyamazisha sauti zote mbili. Ameufuta ujasiri wa Samweli, aliyethubutu kukirejesha kila kitu kwa Mungu, na ameifuta huzuni ya mrithi wake aliyeshindwa kuyakubali hayo.

Uaminifu unadai kukiri kwamba si kila tofauti ina kina cha namna hiyo. Kulingana na 2 Wafalme sura ya 8, Ahazia alitawazwa akiwa na umri wa miaka 22. Katika 2 Mambo ya Nyakati sura ya 22, maandishi ya Kiebrania yanampa miaka 42, ilhali baba yake, Yehoramu, alianza kutawala akiwa na miaka 32, akatawala miaka 8, akafa. Mwana anamzidi baba yake miaka miwili. Hapa hakuna theolojia ya kutafuta. Kalamu ya mnakili iliteleza, kama zilivyoteleza kalamu za wanakili wa tendi zetu huko Lamu na Pate, na wanakili waliofuata waliliheshimu andiko kiasi cha kutothubutu kulirekebisha. Mhakiki anayeona hekima katika kila kosa hamzidi kwa lolote mshambuliaji anayeona kosa katika kila hekima.

Zipo pia kauli zinazopingana zilizowekwa bega kwa bega kwa makusudi. Mithali sura ya 26, aya ya 4, inakataza kumjibu mpumbavu, msemaji asije akafanana naye. Aya ya 5 inaagiza ajibiwe, asije akajiona mwenye hekima. Talmudi inasimulia kwamba palikuwa na wenye hekima waliotaka kitabu hicho kiondolewe kwa sababu ya kujipinga. Mswahili hapaswi kusumbuka. Haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hakuna mzee aliyewahi kushtakiwa kwa uongo kwa kuzitumia zote mbili katika wiki moja. Methali husubiri mazingira yake, na hekima imo katika kujua ni ipi ya leo.

Ushahidi mzito kuliko yote unatoka katika historia ya Injili zenyewe. Karibu na mwaka 170, Tatian, mwandishi kutoka Siria, alizifuma Injili nne kuwa masimulizi mamoja yaliyonyooka, yaitwayo Diatessaron. Makanisa ya Kisiria yaliyasoma kwa vizazi vingi. Kwa maneno mengine, Biblia isiyojipinga iliwahi kupatikana, na ilipendwa. Katika karne ya 5, Theodoret, askofu wa Cyrrhus, aliandika kwamba alikuta nakala zaidi ya 200 katika makanisa ya jimbo lake, akaziondoa, na mahali pake akaweka Injili nne.

Nne hizo zinatofautiana waziwazi. Yohana anaweka kufukuzwa kwa wachuuzi Hekaluni mwanzoni mwa kazi ya Yesu. Watatu wengine wanakuweka mwishoni. Katika Marko, Yesu anakula Pasaka na wanafunzi wake kabla ya kukamatwa. Katika Yohana, anasulubiwa siku ya maandalio ya Pasaka, wakati wana-kondoo wanapochinjwa. Yohana ndiye aliyemwita Mwana-Kondoo tangu sura ya kwanza. Ukisawazisha siku hizo mbili, utapata kalenda safi na kuipoteza sanamu ambayo Injili nzima ya Yohana inaielekea.

Theodoret alikuwa na sababu zake: alimwona Tatian kuwa mzushi, na alilalamika kwamba katika kufuma kwake alikuwa ameziacha nje nasaba za Yesu. Hata hivyo tokeo la uamuzi wake liko wazi. Kanisa lilikuwa na njia ya kujiokoa na aibu ya mashahidi wasiokubaliana, likachagua mashahidi.

Uhakiki wa namna hii haumwamulii mtu imani. Anayeamini bado atalazimika kuuliza ni nani aliyemchochea Daudi, na asiyeamini bado atalazimika kueleza kwa nini watu waliohifadhi maandiko kwa uangalifu mkubwa kiasi hicho waliacha swali hilo likiwa na majibu mawili. Kinachobadilika ni hali ya yule kijana wa uwanjani. Akiambiwa mapema kwamba kitabu alichokishika ni mkusanyiko wa watu waliobishana juu ya Mungu kwa karne nyingi, na kwamba waliomtangulia waliona heri kuyahifadhi mabishano hayo kuliko kuyafuta, hatakuwa na nyumba ya kubomoka siku atakapozisoma sura hizo mbili. Atakuwa na swali, kama alivyokuwa nalo mwandishi wa Mambo ya Nyakati.