Fundi wa Maungio

Mtunzi wa muziki wa filamu hupewa picha zilizokwisha kuhaririwa. Anajua mlango utafungwa sekunde ya ngapi, na muziki wake anausimamisha hapo hapo. Mtunzi wa gemu hana bahati hiyo. Mchezaji anaweza kukaa kwenye menyu ya mwanzo nusu dakika, au akaenda kuchemsha chai na kuuacha muziki ukilia. Lazima ufike mwisho na kuanza upya bila sikio kujikwaa, tena usichoshe hata ukirudiwa mara ishirini.

Kazi hiyo alipewa Christopher Tin, Mmarekani mwenye asili ya China, kwa ajili ya gemu la Civilization IV lililotoka mwaka 2005. Yeye na msanifu mkuu wa gemu hilo, Soren Johnson, walisoma pamoja Chuo Kikuu cha Stanford. Tin akachukua Sala ya Bwana kwa Kiswahili, akatunga “Baba Yetu”. Februari 2011 wimbo huo ulipata Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya gemu.

Habari za tuzo zilienea. Mimi navutwa zaidi na jinsi wimbo ulivyojengwa. Mapigo ni manne, kila pigo limegawika mara tatu, mwendo ambao mtu aliyekulia Kibiti ataukuta mabegani mwake kabla hajaufikiria. Kiongozi anaimba, kwaya inampokea, okestra inapanda chini yao kama maji ya bamvua, ikiwainua bila kuwafunika. Kuwa na okestra nzima mkononi na bado kuiacha sauti ya mtu itangulie, huo ni uwezo wa kujizuia ambao watunzi wengi hawana.

Mwaka 2009 Tin aliuweka wimbo huo mwanzoni mwa albamu yake, Calling All Dawns: nyimbo 12 katika lugha 12, zote zimeungana, na wa mwisho unarudi kwenye wa kwanza. Hitaji la menyu ya gemu sasa limekuwa umbo la albamu nzima.

Lakini kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni The Drop That Contained the Sea ya mwaka 2014. Niliisikiliza yote Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, nikisubiri maji yajae ili boti ya Mafia iondoke. Ni nyimbo 10, kila mmoja na lugha yake, nazo zinafuata safari ya maji: theluji inayeyuka kwa Kimongolia, mito inashuka, bahari inapokea, na mwishoni mvua inaombwa kwa Kilango cha kaskazini mwa Uganda, katika “Waloyo Yamoni”. Kisha muziki unarudi ulikoanzia.

Maji ya delta nayo hayakuzaliwa hapa. Kilombero na Luwegu zimekutana zikawa Rufiji, Ruaha Mkuu ukaingia njiani, na mto ukafika kwenye mikoko ukagawanyika. Ukikaa Nyamisati huwezi kuonyesha kwa kidole mahali mto unapoishia na bahari inapoanzia, maana mara mbili kwa siku mpaka unahama. Maungio ya Tin yako hivyo. Nilirudia mpito mmoja mara kadhaa nikitafuta mahali wimbo ulipokabidhi kwa mwenzake, na kila mara nilijikuta tayari niko ndani ya ule wa pili. Mtu hafikii hapo kwa kipaji pekee. Ni lazima awe ameanza kuutayarisha wimbo unaofuata katikati ya ule unaoimbwa, noti baada ya noti, akijua kwamba akifanikiwa hakuna atakayegundua.

Mwaka 2016 alirudi kwenye gemu, akatunga “Sogno di Volare” kwa Civilization VI, maneno yakitokana na maandishi ya Leonardo da Vinci. Ni wimbo mzuri, na wengi wataanza kumjua kwa huo au kwa “Baba Yetu”. Kinachonisikitisha ni kwamba siku hizi simu huchanganya nyimbo ovyo, na albamu za Tin zikichanganywa, kinachopotea ni yale maungio aliyoyafanyia kazi kuliko kitu kingine. Zima kitufe cha kuchanganya, anza na wimbo wa kwanza.