Kwenda Bisho

Jahazi lenye upepo wa tezi, wa kutoka nyuma, halikosi wa kulisifu. Sifa zangu mimi naziweka kwa saa ile upepo unapovuma kutoka kulekule chombo kiendako. Hapo ndipo nahodha hupambanuka na mshika usukani tu.

Hakuna chombo cha tanga kiwezacho kuukabili upepo uso kwa uso. Huenda mshazari, kushoto kitambo, kulia kitambo, kila mara kikiiba masafa kidogo. Huko ndiko kwenda bisho, na kunachosha. Foromali, mti mrefu unaobeba tanga, huning'inia upande mmoja tu wa mlingoti, kwa hiyo katika jahazi kubwa kila kugeuka ni kazi. Nahodha huugeuzia upepo tezi kwanza. Demani, kamba ya kulivutia tanga, inalegezwa, tanga linapigapiga, mabaharia wanalivusha guu la foromali mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kisha demani inavutwa na kufungwa upya. Usukani ukiwahi au ukichelewa, upepo hulibandika tanga mlingotini, na hapo utasikia matusi. Mabaharia si watu wa tafadhali.

Kwa safari ndefu, ustadi ulikuwa kuikwepa bisho yenyewe. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyekwisha kuizunguka dunia kwa matanga, alikuja pwani hii ya Afrika Mashariki msimu wa 1938–39 katika jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi. Walishuka na kaskazi toka Aden, wakapita Mombasa na Unguja, wakapakia boriti za mikoko Rufiji, wakarudi na kusi. Mwaka mzima wa biashara ulipangwa kwa pepo hizo mbili.

Mvuvi hana anasa hiyo. Lazima arudi leo, upepo utake usitake. Siku hizi wengi huwasha mashine, na siwalaumu, samaki haongoji. Lakini nenda Lamu wakati wa mashindano ya Maulidi, mashine zikiwa zimezimwa, wanaume wamekaa nje ubavuni juu ya ubao ili mashua isilale. Mgeni hutazama nani ana tanga kubwa. Wazee ufukweni hukodolea macho boya la kugeukia, na wakati mwingine hukutajia mshindi kabla mashua ya pili haijalifikia.