Mwangwi Ulioiba Nafasi ya Sekandi Solo

Klipu ya lile onyesho la dansi mmeiona, kwa hiyo sitasimulia onyesho zima. Nendeni moja kwa moja dakika ya nne na sekunde kumi na mbili, pale mwimbaji anaporudi nyuma, tumba zinapanda na chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, linaanza. Kijana wa solo anainua mguu wa kulia, anakanyaga pedali ya kijani, na kuanzia hapo hadi mwisho wa wimbo, bendi yenye magitaa matatu inasikika kama bendi yenye gitaa moja lililotumbukia kisimani. Vidole havina kosa, kijana anajua kupiga. Kosa liko kwenye kikebo chenye urefu wa kiganja: alichomeka dilei (pedali ya mwangwi) kwanza, ovadraivu (pedali ya ngurumo) baadaye.

Wapo walioniambia kwamba hayo ni mambo ya ladha, kila fundi na mpangilio wake. Nakataa. Ladha ni kuchagua kati ya pilau na biriani. Huyu alitia sukari kwenye mchuzi wa nyama, halafu akashangaa wageni wanaacha sahani.

Kamera ilisogea sakafuni kwa sekunde tatu hivi, na mwenye macho aliona kila kitu: gitaa linaingia kwenye dilei ya Boss DD-3, ile nyeupe, linatoka kwenda ovadraivu ya Ibanez TS9, ile ya kijani, kisha ampu. Nobu ya draivu imepita nusu. Kwenye beti zote za mwanzo TS9 ilikuwa imezimwa, ndiyo maana hamkusikia ubaya wowote. Mwangwi ulikaa nyuma ya noti, mtulivu, kama kivuli cha saa nne asubuhi. Ubaya ulianza pale kijani ilipowaka.

TS9 draivu ikishushwa kabisa inakuza sauti kama mara 12, ikijazwa inakaribia mara 118. Tuchukue 60. Uzi ukipigwa kwa nguvu tuseme unatoa milivolti 200. Dilei ya kijana ilikuwa ikirudisha kama nusu kila mara: 200, kisha 100, kisha 50, kisha 25. Huko kupungua ndiko kunakolifanya sikio liamini kwamba sauti inakwenda mbali. Sasa pitisheni msururu huo ndani ya ovadraivu. Mkizidisha kwa 60 mnapata volti 12, 6, 3 na 1.5. Lakini mle ndani zimo dayodi mbili zinazokata kila kinachojaribu kuvuka takriban volti 0.6. Noti yenyewe inakatwa pale, mwangwi wa kwanza unakatwa palepale, wa pili vilevile, na hata ule wa tatu, ambao ulitakiwa uwe unakata roho, bado una nguvu ya kugonga dari. Vyote vinne vinatoka na kimo karibu kimoja. Geuzeni kikebo, ovadraivu itangulie: noti inatoka 0.6, mwangwi 0.3, halafu 0.15, halafu 0.075. Pedali ni zilezile na nobu hazijaguswa.

Na si kimo tu. Mwangwi wa noti iliyopita ukikutana na noti mpya ndani ya dayodi, havipiti kila kimoja na njia yake. Vinazaana. Chukueni noti ya hezi 440 na jirani yake ya 494: ovadraivu inawatolea na 386, na 548, sauti mbili ambazo hazimo kwenye skeli ya wimbo wala kwenye kichwa cha mtunzi. Ule mkwaruzo mliousikia kila kijana alipobadilisha noti ndio hao watoto. Mpiga solo mzuri anabadilisha noti mara nyingi sana kwa sekunde. Hesabuni wenyewe wanazaliwa wangapi.

Lakini hata hayo ningeyasamehe kama bendi ingekuwa na gitaa moja. Linaloniuma ni jingine. Wimbo ulikwenda kwa mapigo 120 kwa dakika, yaani pigo moja ni milisekunde 500. Nimepima mwangwi wa kijana kwenye kompyuta: 375, sawasawa robo tatu ya pigo. Alipanga vizuri mno, na hapo ndipo msiba ulipo. Mwangwi wa 375 hauangukii juu ya noti, unaanguka katikati, kwenye upenyo. Na huo upenyo, kwenye muziki wa dansi, una mwenyewe. Ni mali ya sekandi solo. Tangu lini solo, sekandi na rithim vikapigwa kwa pamoja mahali pamoja? Solo linasema, sekandi linajibu kwenye upenyo, rithim linashona chini yao. Muziki wote umejengwa hivyo, kama ukili: mkiziba nafasi ya mwenzenu, mkeka haupo, kuna rundo la miyaa.

Rudini kwenye klipu, mara hii msimtazame kijana. Mtazameni mzee aliyesimama kushoto kwake, mwenye gitaa jekundu. Dakika ya nne na sekunde ishirini bado anajibu, na mnaweza kuona vidole vyake vikitafuta pa kuingia. Sekunde ya thelathini na tano anainamisha kichwa kuelekea ampu yake, kama mtu anayejiuliza kama kweli inawaka. Kufikia dakika ya tano ameacha kujibu kabisa, anakwangua nyuzi mbili za juu kwa upole na kuangalia watu wanaocheza. Mtu ambaye amepiga sekandi miaka mingi kuliko umri wa kijana alinyang'anywa kazi na kikebo, na hakuna aliyemwambia pole.

Sasa nawasikia mashabiki wa Eddie Van Halen. Ndiyo, Van Halen aliiweka Echoplex mbele ya Marshall inayonguruma, mwangwi ukaingia kwenye ngurumo, na dunia ikapiga makofi. The Edge naye alichomeka Memory Man kwenye Vox AC30 ambayo ilikuwa tayari inaanza kupasuka kidogo. Nakubali. Lakini hebu hesabuni magitaa kwenye bendi hizo. Van Halen: moja. U2: moja. Hapo upenyo hauna mwenyewe, na mwangwi unaruhusiwa kuwa gitaa la pili kwa sababu gitaa la pili halipo. Na AC30 ya The Edge ilikuwa inapasuka kidogo tu, haikuwa TS9 iliyovuka nusu. Mkitaka mfano wa mtu aliyetaka ngurumo nyingi na mwangwi unaoeleweka, mwangalieni David Gilmour: Big Muff kwanza, dilei nyuma yake, na mwisho ampu ya Hiwatt iliyo safi. Noti inanguruma, mwangwi wake unaondoka kwa heshima.

Ampu safi! Na hii ndiyo sababu sina huruma. Kama kijana angepewa ampu ya kukodi inayonguruma yenyewe, isiyo na tundu la nyuma la kupitishia efekti, ningesema hakuwa na pa kukimbilia. Lakini nyuma yake ilisimama Roland JC-120, ampu ya transista, spika mbili za inchi 12, safi kama maji ya mtungini. Ampu hiyo haijali unachoiletea, inakipaza kilivyo. Mkiiletea ovadraivu kwanza na dilei baadaye, inawapa kila kitu mahali pake. Ni kama imetengenezwa kwa ajili ya muziki wetu, na nimeisema hivyo kwenye safu hii mara nyingi hadi mhariri ameanza kunikatia aya.

Na muziki huo ulishapigwa bila pedali hizi: mpiga solo Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979. Wakati huo pedali ya dilei ya kidijitali haikuwapo sokoni; DD-3 yenyewe ilitoka 1986. Mwaka 1970 Mbaraka na bendi ya Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, na ni katika mji huohuo wa Osaka ambako miaka miwili baadaye Ikutaro Kakehashi alianzisha Roland, kampuni iliyoizaa Boss. Huwa nawaza: mtu yule alipita kwenye mji wa pedali kabla ya pedali, akarudi Morogoro, na noti zake hadi leo unazihesabu moja moja kama shanga. Hakuwa na kitu cha kujifichia. Kilichoziba upenyo kilikuwa ni binadamu mwenzake.

Sikilizeni "Sina Makosa" ya Les Wanyika, rithim ya Omar Shabani inavyotembea bila kumkanyaga mtu. Sikilizeni Mlimani Park ya mwanzo wa miaka ya 1980. Mtu akiwaambia kwamba siri ilikuwa kwenye vifaa, mwambieni siri ilikuwa kwenye kunyamaza.

Kwa kuwa tumefika kwenye vifaa, niseme tena nililolisema. Kijana alimwambia rafiki yangu kwamba anaweka akiba anunue TS808 halisi ya 1979, eti ndipo sauti yake itatulia. Mdogo wangu, hiyo TS808 na TS9 uliyonayo ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti kubwa iko kwenye rezista mbili za upande wa kutokea, na bei ya rezista mbili haifiki ya kikombe cha chai. Na ile chipu ya JRC4558 wanayoimba kama jina la mtume ni chipu ya bei ya chini iliyojaa kwenye vifaa vya kila namna. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa na duka moja hapa mjini chipu "halisi" kwa bei ya viatu, nikaibandika, nikasikiliza wiki nzima, na kilichobadilika ni mfuko wangu tu. Hata huo wazimu wa pedali ya Klon Centaur, ambayo Bill Finnegan aliifunika saketi yake ya ndani kwa gundi nyeusi ili watu wasione, ni wazimu uleule: watu wanalipia kisichoonekana. Pesa ya TS808 inunue adapta ya maana ya volti 9 yenye njia zilizotenganishwa, maana ule uvumi wa nyuki tuliousikia kati ya wimbo na wimbo ulitoka kwenye adapta moja inayolisha pedali zote kwa mnyororo. Hilo nimeliandika tangu nina nywele.

Kwenye kuchagua dilei, DD-3 si mbaya, ila inarudisha noti na ung'avu wake wote, kwa hiyo mwangwi unashindana na wenzake. Mimi kwa chemko ningechukua ya analogia, kama DM-2 au Carbon Copy. Zile zinapitisha sauti kwenye msururu wa vikapasita kama watu wanaopokezana ndoo wakati wa kuzima moto, na kila ndoo inamwaga kidogo. Mwangwi unatoka mweusi, umepoteza makali ya juu, na sikio linauweka nyuma bila kuambiwa. DM-2 inaishia milisekunde 300 na wengi huiona fupi. Kwa bendi ya magitaa matatu hata hizo 300 ni nyingi. 120 na mwangwi mmoja tu zinatosha kulinenepesha solo bila kumsukuma mtu. Draivu nayo ishuke hadi robo, na sauti ya kutokea ipande, ili TS9 isukume badala ya kusaga.

Haki itendeke: mpiga drams hakuyumba hata kidogo, besi ilikuwa ya kupewa sifa, na magitaa yote yalikuwa yametyuniwa vizuri. Fundi mitambo aliongeza mwangwi wa ukumbi juu ya mwangwi wa pedali, lakini huyo nitamshughulikia siku yake.

Nimeambiwa bendi inarudi kwenye ukumbi uleule mwisho wa mwezi, wimbo uleule ukiwa kwenye orodha. Kugeuza mpangilio kunahitaji kuchomoa ncha nne za kebo na kuzichomeka upya, kazi ya dakika moja, na inaweza kufanywa mwimbaji akiwa bado anasalimia watu. Mimi nitakaa upande wa kushoto wa jukwaa, karibu na ampu ya yule mzee wa gitaa jekundu.